Gunia la mnunuzi: maarifa ya bure ya wenye mitaji na vijana wa Nyanda za Juu Kusini

Kwenye chumba kimoja cha kupanga pale Uyole, nje kidogo ya katikati ya jiji la Mbeya, kuna manila imebandikwa ukutani. Juu yake imeandikwa kwa kalamu nyekundu: "7% KILA WIKI." Chini kuna jedwali lililochorwa kwa rula. Mwanzo, wakulima 40. Baada ya wiki 52, wakulima 1,349.

Vijana watatu waliochora jedwali hilo wanatengeneza programu ya simu ya kuwaunganisha wakulima wa viazi mviringo wa Umalila na wanunuzi wa Dar es Salaam. Nilimuuliza mmoja wao hiyo 7% wameitoa wapi. "Kwa Paul Graham, kaka," akanijibu, na akanionyesha kwenye simu. Ni kweli. Mwaka 2012 Graham, mmoja wa waanzilishi wa Y Combinator, kampuni ya Marekani inayozipa kampuni changa mtaji wa kuanzia na mafunzo, aliandika kwamba kampuni iliyo kwenye mafunzo yao ikikua kwa 5% hadi 7% kwa wiki, inakwenda vizuri. Hesabu ya kijana wangu haikuwa na kosa hata moja. Nikamuuliza tena: kiazi kinakaa ardhini muda gani? Miezi mitatu, minne. Na mwezi wa pili, mvua ikiwa imeshaikata barabara ya Umalila, hao wakulima wapya wa kila wiki watakuwa wanauza nini?

Alinyamaza, akaiangalia manila.

Nimeufikiria sana ukimya ule. Vijana hawa wana akili, wana bidii, na wamejifunza biashara kwa njia pekee iliyokuwa wazi kwao: makala, podikasti na video zinazotolewa bure na kampuni za mitaji (zile zinazotoa pesa kwa kampuni changa na kupewa hisa) za Marekani na Ulaya, na siku hizi za Nairobi na Lagos pia. Hakuna aliyewadanganya. Lakini hakuna aliyewaambia kwamba maarifa yale ni sehemu ya biashara ya anayeyatoa, na kwamba yana umbo la biashara hiyo. Kwa maoni yangu, jambo hilo linawagharimu vijana wa mikoa yetu kuliko ukosefu wa mtaji wenyewe.

Mkulima wa huku hahitaji kueleweshwa mambo haya kwa muda mrefu. Kila mwezi wa nane anakwenda Nanenane, uwanja wa John Mwakangale, na kule anakuta vipando: mahindi yamesimama kama askari, alizeti vichwa kama sinia. Kampuni ya mbegu imeyalima yenyewe, kwa mbolea kamili, na mtaalamu amesimama pembeni anafundisha nafasi ya kupandia na namna ya kupambana na viwavijeshi. Mafunzo yale ni ya kweli. Mkulima anayachukua, anashukuru, na anajua fika kwamba aliyemfundisha anauza mbegu. Akirudi Mbarali au Ludewa anapanda kwanza mistari miwili mitatu aone kwenye udongo wake. Mbinu yenyewe ni ya zamani: kampuni ya John Deere ilianza kuwachapishia wakulima jarida lake mwaka 1895, likifundisha kilimo, na majembe yakauzika.

Wenye mitaji walichelewa kuigundua. Zamani, pale Sand Hill Road, mtaa wa ofisi zao huko California, walikuwa watu wa kimya. Ukitaka pesa yao ulihitaji mtu wa kukupeleka. Walipobadilika, walikuwa na sababu mbili. Kwanza, kuanzisha kampuni ya programu kukawa rahisi mno, hasa baada ya Amazon kuanza kukodisha kompyuta zake mwaka 2006, kwa hiyo waanzilishi wakawa wengi na wametawanyika, na hakuna mtu wa kati anayewajua wote. Pili, wenye pesa nao wakawa wengi. Na pesa ni bidhaa ngumu kuinadi: dola ya huyu na dola ya yule hazina tofauti. Ukitaka mwanzilishi bora akuchague wewe amwache jirani yako, lazima umpe kitu kingine mapema, kabla hajahitaji pesa.

Fred Wilson, mwekezaji wa New York, alianza kuandika kwenye blogu yake karibu kila siku mwaka 2003. Y Combinator ilianza 2005 ikiwa na makala za Graham kama mlango wake wa mbele. Vijana walizisoma, wakampenda, wakaomba kujiunga. Kampuni ya mitaji ya Andreessen Horowitz ilipoanzishwa 2009 ilikwenda mbali zaidi: ikamchukua Margit Wennmachers, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya uhusiano wa umma, ikampa nafasi ya ubia, jambo ambalo watu wa fani hiyo hawakulizoea. Mwaka 2011 Marc Andreessen, mmoja wa waanzilishi wake, akaandika katika Wall Street Journal makala maarufu ya kwamba programu za kompyuta zinaimeza dunia. Humo alizitaja Facebook, Skype, Groupon, Zynga, na kwa uwazi kabisa akasema kampuni yake imewekeza humo. Nampa heshima kwa kusema. Lakini tazama kilichofanyika: hoja kuhusu mwelekeo wa dunia nzima, na orodha ya mali za mwandishi, vilikaa ndani ya ukurasa mmoja bila kugombana. First Round, kampuni nyingine ya mitaji, nao wakaja na jarida lao mwaka 2013, lenye mahojiano marefu ya kazi za ndani ya kampuni, namna ya kuajiri na namna ya kumfukuza mtu. Ni kazi safi, nimejifunza mengi humo.

Kinachowasukuma watu hawa kutoa kazi nzuri namna hiyo bila malipo ni hesabu ya mfuko. Katika mfuko wa mtaji, kampuni nyingi hufa au hurudisha kidogo, na moja au mbili ndizo zinazolipa mfuko mzima. Kuikosa ile moja ni hasara kubwa kuliko kupoteza pesa kwenye nyingine kumi. Kwa hiyo makala inayosomwa na watu laki moja haitafuti wasomaji laki moja. Inamtafuta mmoja, ambaye pengine leo bado yuko chuoni, ili siku akipata wazo, jina la kwanza kumjia liwe lao. Wengine wote 99,999 wanapata elimu kwa sababu hakuna njia ya kumfikia yule mmoja bila kupita kwao.

Kijana wa Uyole yumo katika hao 99,999. Elimu anayopata si ndogo, niseme haki. Ushauri wa Graham wa kwenda kwa wateja kwa miguu yako, kufanya kazi kwa mkono kabla ya kuipa kompyuta, ni dhahabu. Mwaka 2009 aliwasukuma waanzilishi wa Airbnb waende New York wakakutane na wenye nyumba, na kule wakapiga wenyewe picha za vyumba. Vijana wangu waliusoma ushauri huo, wakapanda fuso saa kumi alfajiri hadi Mwanjelwa, wakasimama na madalali, wakabeba magunia. Kwa wiki mbili walijua kuhusu viazi mambo ambayo hayapo kwenye ripoti yoyote.

Shida iko kwenye yale yasiyofundishwa, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo kwa tarakimu.

Chukua mfuko wa dola milioni 100. Pesa si ya meneja; ni ya mifuko ya pensheni, vyuo vikuu na matajiri, waliomkabidhi kwa miaka 10 hivi. Kwa kawaida meneja anachukua takriban 2% kila mwaka ya kuendesha ofisi, na faida ikija anachukua 20% yake. Ili wamwamini tena awarudishie, tuseme, mara tatu: milioni 300. Sasa kampuni ya viazi ya Uyole ikue vizuri, iuzwe kwa dola milioni 10, na mfuko uwe na 15% ya hisa. Mfuko unapata milioni 1.5. Vijana watatu, kama bado wana 60%, wanagawana milioni 6, pesa ya kubadilisha koo tatu. Kwa meneja, milioni 1.5 haifikii hata ile 2% ya mwaka mmoja. Mafanikio yale yale yamekuwa baraka kwa mmoja na kupoteza muda kwa mwingine. Ndiyo maana katika maarifa yote ya bure utasoma sana juu ya kukua haraka na kuteka soko, na kwa nadra mno juu ya kujenga kitu cha milioni 10 na kulala usingizi.

Tena nimesema "kama bado wana 60%" na "wanagawana", kana kwamba asilimia ndiyo mgao. Mara nyingi sivyo. Mikataba ya mitaji humpa mwekezaji haki ya kulipwa kwanza. Tuseme mfuko umeweka dola milioni 2 na kupata 25%, halafu mambo yakawa magumu, kampuni ikauzwa kwa milioni 2.5. Mwekezaji anachukua milioni 2 zake kwanza. Inabaki laki tano ya watu wote waliobaki. Mwanzilishi mwenye 60%, aliyejihesabia milioni 1.5, anaondoka na laki nne. Hakuna wizi hapo. Imo kwenye mkataba aliousaini. Lakini kati ya vijana kumi niliozungumza nao Mbeya na Iringa, wanaojua kutengeneza slaidi kumi za kuombea mtaji ni tisa, na anayeijua haki hii ni mmoja, tena alikuwa amesoma sheria.

Kila mkulima wa viazi kuanzia Njombe hadi Umalila anaijua lumbesa. Mnunuzi anakuja shambani na gunia lake mwenyewe. Linajazwa, kisha linashonewa kofia juu, nundu ya madebe kadhaa, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na viongozi wameikemea lumbesa mwaka hadi mwaka. Bado ipo, kwa sababu aliyeleta gunia ameshaamua ujazo kabla ya mazungumzo ya bei kuanza. Mkulima anabishania shilingi, na kilo zimekwisha kwenda.

Mwishoni mwa 2013 Y Combinator ilitoa bure kwa dunia mkataba mfupi uitwao SAFE. Mwekezaji anatoa pesa leo, hisa atapewa baadaye, kampuni itakapopata awamu kubwa ya mtaji. Hakuna riba, hakuna tarehe ya kurudisha. Ukilinganisha na hati za mkopo zilizotumika kabla yake, ulikuwa nafuu kwa waanzilishi, na leo unasainiwa Nairobi, Kigali na Dar es Salaam. Lakini soma unachokitegemea: awamu kubwa itakayofuata. Mkataba umeshaamua kwamba utatafuta mtaji tena. Kampuni inayotaka kuishi kwa faida yake, ikue taratibu kwa kufuata misimu, haijapewa nafasi katika karatasi ile. Isipouzwa wala kufungwa, mwekezaji wake atabaki bila hisa na bila malipo, na mwanzilishi atabaki na deni lisilo na jina. Sidhani kwamba waliouandika walikusudia kumdhulumu mtu. Waliandika gunia linalofaa mazao yao.

Hata kipimo cha mafanikio kinatoka huko huko. Kila mwaka Partech, kampuni ya mitaji ya Ufaransa, hutoa ripoti ya mitaji iliyoingia kwenye kampuni changa za teknolojia Afrika. Ni ripoti yenye manufaa na waandishi wa habari tunainukuu. Ila kinachohesabiwa ni pesa zilizochangishwa, na kwa kuinukuu sana tumezoea kuuliza kampuni imepata mtaji kiasi gani, tukasahau kuuliza imeuza nini na imebakiza nini.

Wapo Watanzania waliolijaza gunia hilo vizuri. NALA, ya kutuma pesa, iliingia Y Combinator mwaka 2019, na 2024 ikatangaza kupata dola milioni 40. Nafurahi nao kwa dhati. Tazama tu aina ya kazi yao: programu ile ile inatumika London na Marekani, mteja wa kumi elfu anahudumiwa kwa gharama ndogo kuliko wa kumi, na haisubiri mvua. Biashara ya namna hiyo inaendana na mfuko wa miaka 10. Chai ya Mufindi na parachichi la Rungwe havina umbo hilo. Mche wa parachichi wa kubebesha unachukua miaka mitatu hivi ndipo uanze kulipa, na hakuna podikasti itakayouharakisha.

Upande mwingine wa maarifa haya ni hadithi za mashujaa. Septemba 2022 Sequoia, kampuni iliyoanzishwa 1972 na yenye heshima kuliko karibu zote, ilichapisha kwenye tovuti yake wasifu mrefu wa kumsifu Sam Bankman-Fried wa FTX, soko la kuuza na kununua sarafu za kidijitali. Humo walieleza kwa fahari kwamba alikuwa akicheza gemu la kompyuta huku anazungumza nao juu ya kuomba pesa, nao wakavutiwa zaidi. Wiki chache baadaye FTX ikaanguka. Novemba mwaka huo huo Sequoia iliandika sifuri kwenye uwekezaji wake wa zaidi ya dola milioni 200, na wasifu ukaondolewa. Machi 2024 mtu huyo alihukumiwa miaka 25 jela. Naitaja habari hii kwa sababu moja. Wasifu ule haukuwa wa wateja wa FTX. Ulikuwa wa waanzilishi wengine: njoo kwetu, nawe tutakuandika hivi. Msomaji wake halisi alikuwa kijana mwenye laptopu, mahali fulani, anayejifunza mwanzilishi mkubwa anafananaje.

Nayasema haya nikiwa nimeumia. Miaka kadhaa nyuma mimi na wenzangu wawili tulikuwa na kazi ndogo Mbozi: kuvitunzia vyama vya msingi vya kahawa kumbukumbu za uzito na malipo, kwenye simu, ili mkulima akipima apate ujumbe palepale. Tulikuwa tumesikiliza vipindi vyote vya podikasti ya kampuni moja ya mitaji. Mwisho wa kila kipindi walisema mlango uko wazi, jaza fomu. Tukajaza. Wakatupigia, wakasifu, wakaomba jedwali la wateja, bei, gharama zetu, mipango ya vyama. Tukatoa kila kitu. Miezi minne ikapita kwa "tutarudi kwenu" na "endeleeni kututaarifu". Neno hapana halikutamkwa hata siku moja. Baadaye nilielewa sababu: kukukatalia kunaufunga mlango ambao kesho wanaweza kuuhitaji, na kukuacha unangoja hakuwagharimu chochote.

Sisi kulitugharimu. SACCOS moja ilikuwa tayari kutukopesha pesa ya mizani na simu, na tukaikataa, kwa sababu tulishasadiki kwamba mkopo ni wa wenye maduka na sisi ni kampuni changa. Msimu wa kahawa ukafunguliwa hatuna mizani. Katibu wa chama kimoja, mama mtu mzima aliyetupokea vizuri kuliko wote, alinipigia simu Juni: "Mwanangu, wakulima wako hapa tangu saa kumi na mbili, nipime na nini?" Sikuwa na jibu. Wakarudi kwenye daftari, na mwaka uliofuata hawakutuhitaji tena.

Kwa hiyo ninapomwona kijana wa Uyole na manila yake, sina haja ya kumwambia aache kusoma. Nataka asome na upande wa pili. Na hapo ndipo ninapokasirika na sisi wenyewe, kwa sababu upande wa pili haujaandikwa. Halmashauri zetu zinatakiwa kisheria kutenga 10% ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4% wanawake, 4% vijana, 2% watu wenye ulemavu. Ni pesa ya kweli, ipo Mbeya na Iringa na Njombe. Sasa itafute habari yake kwa Kiswahili kizuri: nani aliomba, aliandika nini, alikwama wapi, alirudishaje, biashara yake ikoje leo. Utakuta tangazo lenye mhuri na picha ya makabidhiano ya hundi. Vivyo hivyo kwa VICOBA za akina mama wa Kihesa zinazoendesha mitaji mwaka mzima bila benki, na kwa mnunuzi anayelipa nusu kabla ya mavuno, ambayo ndiyo njia iliyozijengea nyumba familia nyingi za huku. California wanalipa waandishi hodari kueleza biashara yao. Sisi biashara yetu tumeiachia mbao za matangazo.

Na wenye mitaji wanaofika huku, maana wameanza kufika, nina ombi moja kwao. Mwezi wa nane waje John Mwakangale kama watu wa mbegu. Pamoja na slaidi na fulana, waweke mezani karatasi moja ya Kiswahili: kampuni ikiuzwa kwa bei hii, huyu anachukua kiasi hiki na yule kiasi hiki, ikiuzwa kwa bei ile, hivi, isipouzwa kabisa, hivi. Hesabu hizo wanazo tayari kwenye kompyuta zao.

Juzi nilipita tena Uyole. Manila bado ipo, lakini jedwali la wiki 52 limefunikwa na karatasi nyingine yenye safu za miezi, kuanzia Novemba. Mwezi wa kwanza na wa pili wameziandika "mbegu na mbolea", maana wamegundua kwamba wakulima wale wale 40 wana cha kununua wakati hawana cha kuuza. Vinyungu, yaani bustani za bondeni za kiangazi, wamevipa safu yake. Pembeni kwa penseli kuna swali ambalo bado wanalibishania: gunia la kilo 100, wanunue wao au waendelee kutumia la mnunuzi?